Kiota Nilichokihamisha kwa Jembe

Sogeeni karibu, wanangu, msinisimamie juu kama watu wanaongoja gari. Ketini, kila mmoja apate mahali pake, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kupima na sitaki kuimaliza kwa kupaza sauti. Johana, simu yako iweke hapa juu ya blanketi, karibu na mdomo wangu, na uhakikishe inarekodi kweli, kwa sababu wewe na mashine za mjini ndio mnaoelewana. Kipruto, kaa mbele yangu nikuone macho. Cheptoo, mama, nisukumie huo mto nyuma ya mgongo. Hivyo, inatosha, sasa na wewe keti, umehangaika na mimi tangu asubuhi.

Leo nitasema Kiswahili. Sijaisahau lugha ya mama yangu, wala si maringo ya mtu aliyekuwa karani wa kituo cha majani chai miaka kumi na tisa. Ni kwa ajili ya huyu mama aliyekaa karibu na mlango na amekataa hata kikombe cha chai. Huyu ni Nyathira, mama Steve, mke wa marehemu Muchiri, watu tuliopakana nao upande wa chini miaka thelathini na miwili. Ametoka Fort Ternan kulipokucha kwa sababu nilimwita, na hakuambiwa ameitiwa nini. Nataka aelewe kila neno bila kutafsiriwa, kwa maana watu wakitafsiri aibu ya baba yao huipunguza. Na huyu mwenye miwani ni Chelangat, binti wa kutoka Silibwet, leo ni mwalimu wa chuo kikuu, lakini nyinyi mlimzoea akiwa mwanafunzi mwenye gambuti akishinda bondeni kwetu kupima maji. Nimewaita wote wawili kwa sababu sheria inasema wosia wa mdomo uwe na mashahidi wawili, tena msemaji afe kabla miezi mitatu haijaisha, na hilo la pili daktari amenihakikishia halitatusumbua.

Cheka tu, Johana, si vibaya. Hutapata nafasi nyingine hapa leo.

Ya rahisi niyamalize kwanza. Chai iliyo juu ya barabara mgawane nusu kwa nusu, Johana na Kipruto, mpaka uwe ule mstari wa michongoma, na asije mtu akang'oa mche mmoja usiku akausogeza. Nyumba hii na boma la ng'ombe ni vya Cheptoo. Alirudi kwangu na mizigo yake miwili nikamwambia hapa ni kwenu, na kwenu hapawezi kuwa kwenu mpaka baba afe halafu pageuke pa kaka. Ng'ombe mtajuana, mkiwakamua vizuri hawatagombana na yeyote. Hayo yameisha, na naona Kipruto umeshusha mabega, ukidhani mzee amemaliza.

Sasa zimebaki zile ekari tatu za bondeni, na hizo ndizo zinazoninyima kufa.

Sikilizeni wanangu, na msinikatize. Nyinyi mnapajua pale pakiwa msitu wa mikaratusi, miti imesimama wima kama askari, chini hakuna kitu ila magamba makavu. Mimi nilizaliwa pakiwa kinamasi. Matete yalikuwa marefu kuliko mtu, na maji yalikuwa meusi, baridi, hayasogei wala hayakauki, na asubuhi ukungu ulilala juu yake hadi jua lipande kabisa. Januari kama hii, nyasi za juu zikiwa zimegeuka rangi ya mkate, ng'ombe wa kijiji kizima walishuka pale wakala mpaka matumbo yakawa ngoma. Na jioni walikuja korongo. Sisi ni watu wa kong'ony, korongo yule mwenye taji la dhahabu kichwani. Ndiye mnyama wa ukoo wetu. Mtoto wa kwetu hakumrushia jiwe, hakuonja nyama yake, na akimkuta amekufa njiani alikata majani mabichi akamfunika kwanza ndipo akaendelea na safari. Nimewahi kuwahesabu pale arubaini na wawili kwa siku moja, wakirukaruka na kufungua mabawa, na mama yangu akasimama na mtungi kichwani akiwatazama kama mtu aliyealikwa arusi.

Baba yangu aliponikabidhi shamba alinionyesha kila kona, na tulipofika bondeni akasema, hapa usiguse. Basi, hivyo tu. Nilimuuliza kwa nini, akaniangalia kama nimemuuliza kwa nini mtu ana macho. Nadhani hata yeye sababu yenyewe hakuwa nayo tena, alikuwa amebakiwa na amri peke yake. Na mimi nilikuwa nimesoma, nilikuwa na kalamu mfukoni, nikaona kwamba amri isiyo na sababu ni ushamba.

Alikufa mwaka wa themanini na tano. Mwaka uliofuata, mwezi wa Desemba, nikachimba mtaro.

Nani hakuwa akichimba? Siku hizo sote tulikuwa na homa ya chai, na ardhi isiyo na mche tuliiita ardhi iliyolala. Nilikuwa na nyinyi wawili, Johana na Kipruto, na mama yenu Rebeccah alikuwa na mimba ya Cheptoo, na pale chini ekari tatu zimelala ndani ya maji na kulisha vyura. Nikamwajiri Amolo, mchimbaji hodari wa mitaro kutoka huko Muhoroni, na vijana watatu. Tukaanzia upande wa chini, mahali maji yanapotaka kutokea, tukapanda nayo kuelekea juu, futi tano kwenda chini, na kwa siku ya nne maji yalikuwa yakiteremka kwa kelele, na mimi nimesimama ukingoni nikifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Siku ya tano Amolo akaniita. Katikati ya matete kulikuwa na kiota, rundo la mabua lililokanyagwa vizuri, na juu yake mayai matatu ya rangi ya maziwa. Amolo hakuwa wa ukoo wetu wala wa kabila letu, lakini alikuwa amekaa nasi vya kutosha. Akasema, "Karani, huyu si ndiye ndege yenu? Wacha tungoje mwezi moja, watoto watoke." Mwezi mmoja! Miche yangu ilikuwa tayari kitaluni, na nilitaka bonde likauke kabla ya mvua ya Machi.

Basi mnajua nilifanya nini? Sikuyavunja yale mayai. Ningeyavunja ningejua nimevunja, na huenda ningesimama hapo. Nilikuwa mtu wa kong'ony, na mwiko wangu niliujua wote kwa moyo. Nilikata udongo chini ya kile kiota kwa jembe, polepole, nikakiinua kizima kizima na kukiweka juu ya gunia la majani chai, na tukakibeba watu wawili kama tunavyobeba mgonjwa, tukakiweka mahali pakavu kwenye mteremko, hatua kumi na tano kutoka pale. Nikamtuma mtu nyumbani akaleta maziwa, nikayamwaga kando yake. Nikakizungushia majani mabichi. Nikaomba radhi kwa maneno yale yale niliyofundishwa na baba, sikusahau hata moja, halafu nikarudi mtaroni na moyo mweupe, nikachimba.

Amolo aliweka chini sepetu lake. Siku ile hakuchimba tena.

Wale korongo wawili walirudi. Hawakuenda kwenye mayai, ingawa yalikuwa yanaonekana wazi pale mteremkoni. Walisimama mahali kiota kilipokuwa, kwenye tope, siku tatu, mmoja anatazama huku na mwenzake huku. Siku ya nne nilipofika hawakuwapo, na mayai yalikuwa yameliwa na kitu usiku. Nikajiambia, mimi sikuwaua. Maneno hayo nimeyala miaka karibu arubaini. Sikumrushia jiwe, sikula nyama yake. Nilimwondolea tu maji chini ya miguu, na kwenye mwiko wetu hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Wazee wetu hawakuona haja ya kukataza jambo ambalo hakuna mtu mwenye akili angelifikiria.

Chai ya pale ilinawiri miaka sita, kisha ikawa ya manjano. Ule udongo mweusi uliokuwa laini kama ini ukakauka, ukapasuka, ukashuka; mwaka mmoja ulishika moto chini kwa chini ukatoa moshi wiki nzima bila mtu kuona mwale. Nikang'oa chai nikapanda mikaratusi, kwa sababu kiwanda kinataka kuni za boila kila siku ya Mungu, na mkaratusi hukua ukiutazama. Nilipanda elfu mbili na mia tatu. Nikapewa cheti kwenye siku ya upandaji miti, kile pale ukutani, mwananchi bora mtunza mazingira. Cheptoo, kabla watu hawajaja kuomboleza, kitoe.

Halafu akaja Chelangat. Ilikuwa elfu mbili kumi na nne, akiwa na mabomba ya plastiki yenye matundu, akaomba ruhusa ayazike bondeni, saba, kutoka kwenye mikaratusi mpaka kwenye chemchemi kule kwa Muchiri. Nilimpenda kwa sababu hakunidharau. Alinipa daftari na ufito wenye alama, akanifundisha kila Jumamosi nitumbukize ufito ndani ya bomba, nitazame umelowa mpaka wapi, niandike. Akawa ananiita mzee mtafiti. Miaka miwili niliandika, na mtu hawezi kuandika jambo miaka miwili bila kulielewa. Chini ya mikaratusi ufito ulitoka mkavu, mwezi baada ya mwezi, na kila mwezi wa kiangazi maji yalirudi chini zaidi, na yale ya bomba la saba, la chemchemini, yaliyafuata nyuma kama ndama.

Chelangat alinieleza, naye ni shahidi, aseme kama naongeza chumvi. Alisema kinamasi kile kilikuwa kama mama mwenye nyumba anayepika kila siku lakini anaficha kibaba cha unga nyuma ya chungu. Mvua ya Aprili ilikuwa inaingia mle, inakaa, inateremka pole pole chini ya ardhi, na mnayokunywa Januari ndiyo ile ya Aprili. Mimi nilitoboa chungu, nikapanga mbele yake midomo elfu mbili na mia tatu ya kunywa. Aliniambia kwa adabu, akiinamia chini, mwezi wa Oktoba elfu mbili kumi na sita. Nilielewa siku ile ile. Basi mtu asiseme kwamba mzee hakujua.

Cheptoo, nipanguse jasho. Hapana, maji baadaye. Nikinyamaza sasa sitaanza tena.

Mama Steve, hapa ndipo nilipokuitia.

Februari iliyofuata chemchemi ilikauka. Mnaikumbuka, ilikuwa chini ya ule mti mkubwa wa lamaiywet, kwenye mpaka wa shamba la Muchiri, na nyumba sitini zilichota pale. Watu walishuka na madebe wakakuta tope, na kesho yake tope lenye nyufa. Muchiri alikuwa na mashine ndogo ya kuvuta maji, ya kumwagilia sukuma wiki na vitunguu. Ulikuwa mwaka wa kura, na midomo ilikuwa imeshaanza kuwasha. Mtu wa kabila lingine aliyekuwa jirani juzi akawa mgeni jana. Chifu akaita baraza. Wakasema mashine ndiyo iliyokunywa chemchemi. Muchiri alisimama, akasema yeye huvuta saa moja tu kwa siku, na miaka yote mingine haikukauka, na akanitazama mimi. Alinitazama mimi kwa sababu alijua ninaandika kwenye daftari. Akasema, "Mzee Eliakim anapima haya maji, mwulizeni."

Wakaniuliza.

Nilisimama, wanangu, na nikasema hivi: Sisi tulikunywa hapa tangu enzi za babu zetu na haikukauka, na hakukuwa na mashine. Nikaketi. Hakuna neno la uwongo hapo, mnaweza kulichambua. Lilikuwa la kweli kama vile mayai hayakuvunjika. Usiku ule nikalichoma daftari jikoni, na mama yenu akaniuliza ni karatasi gani hizo, nikamwambia za zamani. Amekufa na jibu hilo.

Hamkumpiga Muchiri. Hamkumchomea nyumba. Mliacha tu kumsalimia, na Kipruto, wewe uliacha hata kupitisha ng'ombe kwake. Mwezi wa sita walipakia vitu vyao, na mimi nilitoka nikamsaidia kufunga turubai juu ya mzigo. Alinishukuru.

Sema, mama Steve, nimeona umeinua mkono, ...

Simu haijamsikia, amesema kwa sauti ya chini; acha niyarudie mimi yabaki humo. Amesema: "Mzee, Muchiri alivunja ile mashine na nyundo. Kule Fort Ternan hakununua ingine, alikuwa anabeba maji na ndoo. Na alipokuwa anakufa aliniambia, Nyathira, mimi ndiye nilikausha kisima ya watu, na watoto yao wakateseka." Hayo ndiyo amesema. 

Sikujua hilo. Tangu nisikie amekufa nilidhani alikufa akinilaani, na hilo nilikuwa nimelizoea, nilikuwa nimejitayarisha kukutana naye. Kumbe aliniamini. Aliamini lile neno langu moja la kweli, akalibeba mpaka kaburini akiwa hana kosa. Mama Steve, hakuwa yeye. Ulikuwa mtaro wangu na ilikuwa miti yangu, na nilijua, na niliandika kwa mkono wangu, kisha nikachoma. Chelangat anayo nakala, atakupa. Sikuombi unisamehe. Nimekuita ili ulisikie nikiwa hai, na hawa wanisikie nikilisema. Na wewe, Kipruto, nikishazikwa, siku ya baraza la kwanza, utasimama mahali pale pale niliposimama mimi, mbele ya chifu, useme jina la Muchiri na useme baba yangu alidanganya. Usiseme alikosea. Sema alidanganya.

Mama Steve anatoka. Mwacheni. Chelangat, usimfuate. Anajua njia ya chemchemini, ameipita miaka mingi kuliko wewe.

Nirudi kwenye zile ekari, maana nguvu inaniishia. Shahidi wa pili ametoka, basi Johana awe badala yake, kwa kuwa ekari hizi hazimpi kitu. Nimefikiri sana nimpe nani, na nimeona simpi mtu. Ardhi ile haina mrithi. Lakini serikali haiandiki hati ya shamba bila jina, kwa hiyo litaandikwa jina la Cheptoo, si kwa kuwa ni lake, bali kwa kuwa kati yenu watatu ndiye peke yake aliyeniuliza kwa nini vyura hawalii. Kazi yake ni kuzuia isiuzwe, isikodishwe, isilimwe. Na kazi yenu nyote ni hii. Kateni mikaratusi yote. Kipruto, najua lori la kuni linakuja Jumatatu, na najua ulichopatana nao: ukate, visiki ubakize, vichipue tena, na baada ya miaka saba uvune mara ya pili. Ni mimi niliyekufundisha hesabu hiyo. Sasa naifuta. Kila kisiki kichunwe gamba mpaka chini na kifukiwe, na machipukizi yakitokea yang'olewe, msimu huu na ujao na ule mwingine, miaka mitano au sita, kwa sababu mti ule hauna aibu, ukiukata mmoja hurudi watatu. Halafu mtaro. Msiuzibe mahali pamoja, mvua moja itaubomoa. Anzeni juu, mshuke, kila hatua ishirini kizuizi cha magogo na udongo uliokanyagwa, mpaka chini. Chelangat amenichorea, karatasi iko ndani ya Biblia. Matete msipande. Anasema labda mbegu zake bado zimelala kwenye lile tope, kama halikuungua lote. Lamaiywet ndiyo mtapanda, kando kando.

Unanitazama, Kipruto mwanangu, na swali lako naliona. Unataka kujua kama maji yatarudi. Chelangat, usinipambie maneno mbele yao. Wiki jana nilikuuliza kama korongo watarudi, ukasema, sijui baba, ule udongo ukishakauka hivyo huwa haunywi tena kama zamani, huenda miaka ishirini, huenda usirudi. Nilishukuru, kwa sababu kila mtu mwingine anayekuja kwenye kitanda hiki ananiambia nitapona. Mwaka juzi, mwezi wa tano, wawili walipita. Nilikuwa nimekaa nje nikawasikia kwanza, nikainua kichwa. Walizunguka juu ya mikaratusi mara mbili, chini kabisa, hata nikaona wekundu wa koo zao, wakaenda upande wa Sotik. Labda walikuwa wazee sana, labda walipaona pale zamani. Sijaona wengine tangu siku hiyo, na sidhani nyinyi mtaona.

Basi mtafanya kwa nini? Jibu la kukupendeza, Kipruto, sina. Ningekuwa nalo ningekudanganya, nimeshadanganya vya kutosha. Huenda mtaziba mtaro na kung'oa machipukizi miaka kumi, migongo ikauma, majirani wakawacheka kwamba mmeacha ardhi nzuri ilale, na asilie hata chura mmoja. Zibeni hivyo hivyo. Hapa kwetu kila mtu anajua kulaumu: wazungu walichukua vilima, kampuni zimetuzungushia chai, watu wamemaliza msitu wa Mau, mvua imepotea njia. Yote ni kweli. Na mimi nilikuwa na ekari tatu, hakuna mzungu aliyenishika mkono.

Sasa mnijibu, simu inasikia. Johana? ... Unaangalia kioo cha simu. Haya.

Kipruto? ... Umegeuza uso dirishani, unaitazama miti yako. Mimi siwezi kukulazimisha, mwili wangu hauwezi hata kujigeuza.

Cheptoo? ... Ndiyo. Nimesikia. Sauti moja, tena ya aliyechoka kuliko wote. Nilizaa watatu nikasikia ndiyo moja. Wacha iwe. Chelangat, umeisikia, wewe ni shahidi.

Mnizike kando ya Rebeccah, bila saruji, na bila marumaru, udongo mtupu. Kwenye kile kijitabu cha mazishi msiandike kwamba nilipenda mazingira. Msiandike nilipanda miti. Niliipanda, ndiyo shida yenyewe. Andikeni Eliakim arap Mosonik, karani, na miaka yangu, na watoto wangu. Mchungaji asiongeze.

Imebaki baraka. Sogeeni. Magoti, hapa, karibu na ukingo wa kitanda, kama nilivyopiga mimi mbele ya baba. Msiogope, siwabagui, anayesema ndiyo na anayenyamaza, wote ni wangu, na Kipruto, baraka yako haina masharti, ungeijua hivyo tangu zamani labda ungenijibu. Leteni vichwa niwatemee mate, kama wazee wetu ...

Mdomo umekauka. Ngojeni.

Hakuna. Ulimi ni kama gome. Baba yangu alinitemea mpaka shati likalowa, na mimi sina hata ...

Cheptoo, maji. Kidogo tu, ya kulowesha ulimi.

Hiki kikombe ... haya maji yana ladha ya dumu. Umeyatoa wapi, tangi la mvua limekwisha? ... Sema tu. ... Ya mwenye punda. Ya kununua, kutoka Silibwet.

Hapa. Kwenye boma la arap Mosonik, maji ya kununua.

Yamebaki mangapi? ... Haya. Basi sitayameza. Nishike kichwa, Cheptoo, usiniache nianguke mbele. Yatatosha mara tatu nikiyagawa vizuri. Johana, wewe kwanza, weka simu chini. Kisha Kipruto. Inama, mwanangu, inama zaidi, sikufikii.